Kanisa la Mtakatifu Amelgonda

Naungama mapema, kama watawa walivyotufundisha, kwamba Mtakatifu Amelgonda nilimbuni mimi. Nilimbuni nikiwa na miaka kumi na minne, katika shule ya bweni huku Uingereza, siku Sista Roza alipokuwa akilia kwa maumivu ya jino. Nilimweleza kwa uso wa msiba kwamba kwetu Ubelgiji wagonjwa wa meno humwomba Amelgonda, bikira aliyeng'olewa meno yote na wapagani akaendelea kuimba. Shule nzima ilimwomba kwa wiki tatu. Jino likapona. Nilipogunduliwa nilimenyeshwa viazi hadi Pentekoste, na mpaka leo naona mtakatifu hakutendewa haki.

Basi nilipomhitaji kwa shughuli nzito zaidi, alikuwa tayari.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, mwaka 1944, nami nilikuwa London kwa baba. Baba yangu, Profesa Odilon Maertens, analijua kila jiwe la kale la Ubelgiji. Serikali yetu, iliyokimbilia London kama nusu ya serikali za Ulaya, ilimweka kwenye kamati ya wataalamu wa nchi zilizotekwa. Kazi yao ilikuwa kuwaandikia marubani wa upande wetu orodha ya majengo ya kale ambayo wasiyapige mabomu. Kila wilaya ilipewa majengo kumi na mawili, hata moja la ziada hapana, kwa sababu ramani ikijaa alama rubani haoni alama. Tena orodha ya nchi moja ilikaguliwa na mtaalamu wa nchi nyingine. Kwa nini, hakuna aliyekuwa ameniambia.

Mwezi wa pili bomu lilianguka mtaani kwetu, na vioo vya dirisha vikamharibu baba macho. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwandikia kadi zake, moja kwa kila jengo, na kumsomea kikaoni. Mtu mwenye hekima asingenipa kazi hiyo.

Wiki ile ilikuwa zamu ya wilaya ya Hallebeke, kwetu. Mama na mdogo wangu Wannes walikuwa bado huko, Mtaa wa Stesheni, nyumba namba tisa, mkabala na karakana za treni. Tulipokimbia mwaka 1940 Wannes alikuwa na surua. Mama alisema, "Tangulieni, tutawafuata baada ya wiki moja." Wiki hiyo ilikuwa imefikisha miaka minne. Na London nzima, mpaka muuza magazeti wetu, ilijua kwamba kabla ya majeshi kuvuka bahari, reli zote zitapigwa.

Asubuhi ya kikao nilitia kadi ya nane ndani ya jiko. Ilikuwa ya ghala la nafaka la abasia ya watawa, jengo zuri lenye njiwa wengi. Mahali pake nikaweka ya kwangu.

"Kadi ya saba," nikasoma mbele ya kamati. "Mnara wa kengele wa ukumbi wa mji."

"Nathibitisha," baba akasema, kama alivyosema kwa zote sita za mwanzo.

"Kadi ya nane. Kanisa dogo la Mtakatifu Amelgonda, karne ya kumi na mbili, Mtaa wa Stesheni. Eneo la ulinzi, mita mia tatu kila upande."

Profesa Aasland, yule Mnorwei mnene, aliacha kukoroga chai. Baba yangu ni mtu aliyewahi kurudi stesheni kwa miguu kulipa nauli ambayo hakuna aliyemdai.

"Nathibitisha," akasema.

Daktari Halszka Wierzbowska, mtaalamu Mpolandi, ndiye aliyetukagua sisi. Alivua miwani yake.

"Profesa Maertens, hilo kanisa umeliona mwenyewe?"

"Nimeishi humo miaka kumi na mmoja."

"Ndani mna nini?"

"Mna mwanamke mmoja," baba akasema, "na mtoto wa miaka saba."

Nikajua tumekwisha. Lakini Aasland akaanza kucheka, kicheko kilichogeuka kikohozi.

"Umechelewa, ndugu yangu! Sisi wenzako tulimaliza hila zetu mwaka jana. Mimi nilileta kanisa la mbao la wavuvi. Lilikuwa jiko la mama yangu. Huyu mwanamke akalikata bila huruma."

"Na yeye akaikata shule yangu ya muziki," Daktari Wierzbowska akasema. "Ilikuwa nyumba ya dada yangu, ambaye hajui hata kupiga mluzi. Ndiyo maana siku hizi tunakaguana." Akanigeukia. "Binti, hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Umenishinda. Ila hizo mita mia tatu ni ulafi."

"Basi liacheni!" nikasema. "Ni moja tu!"

"Ndege hupiga picha kwanza, mwanangu. Wakiona karakana ya treni mahali tulipowaambia pana kanisa, orodha yote wataitupa jalalani. Ya kwenu, ya kwetu, ya kila mtu."

"Na dada yako, je?" nikauliza. Lilikuwa swali la utovu wa adabu, na nilikusudia liwe hivyo.

"Sijui. Kila mwezi nauliza."

Kwa utaratibu wao, aliyeleta kadi huifuta mwenyewe. Baba akanyoosha mkono, nikampa penseli. Akachora mstari mezani, pembeni kabisa ya kadi.

"Nisaidie, Lieve."

Niliushika mkono wake. Tuliivuta ile penseli pamoja, na sijawahi kuvuta kitu kizito kama kile. Kisha akanitamkia maneno ya ghala la nafaka, nami nikayaandika upya.

Mwishoni mwa mwezi wa tano shule ilinipa ruhusa ya siku mbili. Picha za Hallebeke zilikuwa zimefika, zilizopigwa kutoka angani baada ya shambulio, na kamati ilitakiwa kuandika hali ya kila jengo. Daktari Wierzbowska alinipa kioo cha kukuzia, akasimama nyuma yangu.

"Soma kama ilivyo," baba akasema.

Nikasoma. Mnara wa kengele umesimama. Ghala la nafaka limesimama, hata vigae havijahama. Yote kumi na mawili yalikuwa yamesimama. Marubani walikuwa wameiheshimu orodha yetu.

"Mtaa wa Stesheni?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nilikuwa nimeuandaa ndani ya treni: moshi umefunika, baba, hapaonekani. Lakini nyuma yangu daktari alikuwa anaiona picha ileile, akaniachia mimi uamuzi.

"Hakuna mtaa, baba. Kuanzia stesheni mpaka kwa mwoka mikate ni mashimo tu."

Barua ya shangazi aliyebaki Ubelgiji ilitufikia Septemba, nayo haikuongeza lolote juu ya yale tuliyokwisha kuyajua siku ile.

Baba aliweka mikono yake juu ya meza. Kisha akageuza uso upande wa daktari na kumwambia aandike.

"Kumi na mawili," akasema. "Nathibitisha."