Mvua ya kwa Jumbe

Mwaka ule wa njaa, Wazungu wakipigana vita vyao vya pili, mwalimu Rwegasira alikuwa na shule ndogo katika kijiji cha Wanyambo, ng'ambo ya Kihanga. Akajitia ujuzi. Akawafundisha watoto wa darasa la nne kuchora grafu ya mvua: nguzo nyekundu kwa vipimo vya kipimamvua cha Boma, kilichokuwa barazani kwa jumbe, nyeusi kwa vipimo vya kopo la shule.

"Msichore tu," akawaambia. "Ulizeni."

Basi wakauliza! Nguzo nyekundu zilikuwa mara mbili ya nyeusi, na barazani si mbali, ukiita unaitikiwa. Akasimama Kokuhirwa, ambaye kwao walikuwa wanachimba mizizi ya migomba wapate kula.

"Mwalimu, mvua hii ya jumbe imenyesha wapi? Mbona kwetu hatukuiona?"

Wakaenda kutazama. Lahaula! Jumbe Byarugaba alikuwa amekizungushia kipimamvua migomba, maana kwa Mnyambo uwanja mtupu mbele ya nyumba ni aibu. Migomba imenona kwa samadi ya ng'ombe wake, na jani moja pana linamimina maji yake yote ndani ya chombo. Watoto wakacheka. Rwegasira hakucheka, kwani Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, aligawa unga wa njaa kwa kufuata vipimo hivyo hivyo.

Jioni akaenda kwa jumbe. "Shikamoo, Mzee. Tulikate lile jani, tumweleze Bwana Shauri."

"Nimweleze kwamba miaka mitatu nampelekea maji ya mgomba? Anivue ujumbe?" Byarugaba alifoka. "Jumatatu anakuja shuleni. Mwonyeshe nyekundu peke yake. Hutaki, rudi kwenu ukachunge ng'ombe."

Angeweza kukataa. Hakukataa, na msinitafutie maneno ya kumtetea. Alifyata mkia, akachora grafu nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu Bwana Shauri aliitazama, akafurahi, akasema kwa Kiswahili chake cha Boma. Mwalimu akawageuzia watoto kwa Kinyambo: "Bwana anasema mmechora vizuri sana. Anasema nchi yenye mvua hivi haina njaa, ina wavivu. Unga utapelekwa kwingine."

Kisha akapiga makofi. Watoto nao wakapiga, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyeanza. Kokuhirwa alipiga pamoja nao, akimkazia macho mwalimu wake, wala hakuuliza kitu.