Makopo Mawili Sokoni Mtinko

Mwaka huo wafanyabiashara binafsi walianza kufika Mtinko na malori yao, na mmoja wao alimuuzia Stumai mbegu za alizeti ambazo hazikuota hata moja. Kwa hiyo Daktari Chediel, mtafiti aliyetoka kumaliza shahada ya uzamivu, alipoweka makopo mawili mezani pale sokoni, Stumai alimtazama mikono tu.

“Shikamoo mama,” alisema Chediel. “Kopo hili nusu ni maharage, nusu mahindi. Hili jingine limechanganywa na mwenzangu, hata mimi sijui vipi. Chagua moja, utoe punje bila kuchungulia. Ukitoa harage, unapata kilo ya sukari. Natafiti jinsi watu wanavyoamua jambo wasilolijua.”

Wanawake waliotangulia wote walichagua kopo la kwanza.

“Nipe la pili,” alisema Stumai.

“Kwa nini, mama?”

“Hilo la kwanza unalinadi, mwanangu. Mwenye mbegu naye alizinadi hivyo hivyo.”

Akatumbukiza mkono, akatoa hindi. Wenzake wakaangua kicheko. Chediel akamwaga kopo la kwanza mezani ili ajionee, na kweli, ilikuwa nusu kwa nusu. Stumai akaona haya.

“Basi chukua sukari hata hivyo,” alisema Chediel kwa upole. “Ni zawadi.”

Haya hiyo ikamtoka papo hapo. Mtu anayemtuza aliyeshindwa anataka nini? Aliisukuma sukari kwa kidole, akaaga, akashika njia ya kwao.