Kovu la Mama Cornelia

Hilaria aliisoma mara tatu kadi iliyokuwa kwenye meza ya Valerian, pale kwenye maonyesho ya sanaa. "Bibi wa Kifipa. Mbunifu: Valerian." Chini yake zilining'inia hereni mbili, na ndani ya kila hereni, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, marehemu mama yake alikuwa anamtazama.

Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Labda mchapaji alikosea. Vipande vyenye sura hiyo, Hilaria mwenyewe ndiye aliyempa Valerian avitie kulabu na kuviuza dukani kwake Majengo, kwa makubaliano kwamba kadi zitataja jina la mama Cornelia na la binti aliyeitengeneza sura yake.

"Valerian, majina yetu yako wapi?"

"Aa, dada Hilaria! Karibu mezani." Valerian alicheka, huku akimwangalia Bi Lydia, afisa utamaduni, aliyekuwa akipita na daftari kumtafuta msanii mmoja wa kuuwakilisha mkoa. "Afisa, huyu dada hunisaidia kukata."

Kukata! Wiki nane za kipupwe Hilaria alihangaika na udongo wa plastiki, mgumu kama jiwe kwa baridi, akiufunga kwa khanga tumboni upate joto na kulainika. Mboni, kope, mvi mojamoja, vyote alivipanga kama kuni kwenye mzigo, kila uzi wa udongo ukipita toka mwanzo hadi mwisho wa gogo nene kama paja. Kisha akalikamua taratibu likarefuka, likawa jembamba, na uso ukapungua humo humo ndani bila kupoteza hata kope. Kila kipande alichokikata humo kilitoka na uso ule ule.

Hakupaza sauti. "Uso huu ulianza kuutengeneza na nini?"

"Na duara la uso. Halafu nikachora macho."

"Hakuna kuchora. Unaanza na mboni, unajaza kwenda nje. Duara ndilo la mwisho."

"Kila fundi na njia yake, dada. Usinipeleke darasani mbele za watu."

Wawili watatu wakacheka. Bi Lydia aliziinua hereni usawa wa macho. "Mbona kovu hili liko kushoto, na hili kulia?"

"Hereni ni pacha, afisa. Lazima zitazamane."

"Na doa hili jeupe shavuni?"

"Urembo wa kale," Valerian alijibu bila kupepesa. "Bibi zetu walijipaka hivyo kwenye harusi."

Hilaria aliielekezea kidole hereni yenye doa. "Hilo doa nililitia mimi, nyuma ya kila kipande. Uso unapita mpaka upande wa pili, na kule huonekana kinyume, kama kwenye kioo. Nilikwambia, Valerian: doa likae nyuma. Nusu ya hereni zako zimegeuzwa."

Alitoa kapuni mwake kipande cha gogo kilichobaki, akakikata kwa wembe. Sura ikajitokeza, mbichi, kovu juu ya jicho la kushoto.

Mama mmoja mzee mwenye kitenge cha parokia alijipenyeza mbele. "Yesu wangu! Huyu si Cornelia? Tulikuwa tukipura naye ulezi kule Namanyere. Siku akipasua kuni, kibanzi kilimrukia hapo hapo juu ya jicho!"

Waliokuwa wakicheka wakasogea kuliangalia kovu.

"Basi dada," Valerian alinong'ona, "tuandike jina lako juu, langu chini. Tusiharibiane."

"Kwa jina langu ningekusamehe. Lakini umempaka mama yangu doa usoni, halafu unawaambia watu ni mila!"

Akaanza kuzichomoa hereni zilizogeuzwa, moja baada ya nyingine, na kuzitia kapuni.

"Ziache kidogo," Bi Lydia alimsihi. "Mgeni rasmi yuko njiani, meza itabaki tupu."

"Ibaki."

Afisa alilikata kwa mstari jina la Valerian alilokwisha kuliandika daftarini, akasubiri na kalamu yake. "Hilaria wa nani?"

"Anza na Cornelia," alisema Hilaria, bila kusimamisha mikono. "Mimi nifuate."