Mikono Iliyopika

Joto la Kambu likikolea, barabara kuu hugeuka maji machoni. Malori ya kwenda Mombasa huelea juu yake bila magurudumu, yakapita, na mtu aliyekaa kibarazani muda mrefu huanza kuwa na shaka kama yalikuwepo. Mzee Kanyi alikaa hapo kutwa, na baada ya miaka miwili hivi naye akaanza kuelea.

Kwanza yalimtoka akilini majina ya wateja aliowazibia panchari miaka thelathini. Kisha majina ya watoto wake, Mukami na marehemu Muturi. Mwishowe akamtoka mkewe. Asubuhi moja Gathoni alimletea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Asante sana, mama. Wenye nyumba wako?" Gathoni alikwenda jikoni akalia, akajifuta kwa leso, akarudi kumwuliza mgeni wake kama sukari imetosha.

Kitu kimoja tu hakikumtoka: sala ya chakula. Mbele ya sahani yoyote Kanyi alifumba macho, akafungua viganja, na maneno yakaja yamenyooka, yaleyale ya tangu walipohamia kutoka Nyeri: "Baba, asante kwa chakula hiki. Wape wasio nacho. Ubariki mikono ya Gathoni iliyokipika. Amina."

Sasa niseme ukweli kuhusu Gathoni, maana mwenyewe hapendi kupakwa mafuta. Sala hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na mmoja. Tangu Muturi agongwe na lori palepale mbele ya nyumba, yeye na Mungu hawakusemezana. Kanisani alikoma kwenda, na mumewe akisema tu "Baba," yeye aliinuka kwenda kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Kanyi hakumlaumu hata siku moja. Aliomba peke yake, akamtaja kila mlo, huku mwenzake akigonganisha vifuniko jikoni kwa makusudi.

Siku aliyolisikia jina lake katika sala ile, baada ya ile chai, alivuta kigoda akakaa. Mtu asiyemjua alikuwa amemtaja kwa jina.

Basi mama wa watu akageuka mwizi wa baraka. Saa tatu, kipande cha ndizi. Saa nne na nusu, robo chapati. Saa sita uji, saa nane tikiti la Kibwezi, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, na kila kipande na sahani yake. Mwongeli, jirani ambaye macho yake hayajui likizo, alishindwa kuvumilia.

"Mama Mukami, huyu mzee si amekula sai tu? Unamlisha kama kifaranga!"

"Daktari alisema kidogo kidogo."

"Daktari gani huyo?"

Gathoni alicheka, kisha akaona aibu. "Mwongeli, ni akiombea chakula tu ndipo ananijua."

 Kesho yake Mwongeli akaleta mapapai mawili. "Ukate ndogo ndogo," akasema.

Siku zikapoteza mipaka. Kati ya mlo na mlo Gathoni hakuwa mtu yeyote. Alikuwa mama fulani mwenye sahani. Kisha viganja vilifunguka, naye akawapo tena. Mara nyingine alimwona hata Muturi akivuka yale maji ya barabarani, suruali imekunjwa hadi magotini, wala hakushtuka.

Alhamisi moja mchana alimwekea mumewe muthokoi wa moto, mahindi na maharagwe kama alivyopenda. Kanyi akafumba macho.

"Baba, asante kwa chakula hiki. Wape wasio nacho. Ubariki mikono ya..."

Akasita. Lori likapita, na lingine. "Mikono ya..." Viganja vikabaki wazi hewani, vitupu.

Gathoni angeweza kumnong'onezea jina. Lakini alijua akilitoa yeye, halitakuwa limetoka kwa Kanyi, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kusema. Akamtazama usoni, akaona woga. Mzee alikuwa amepotea katikati ya sala yake mwenyewe, na Gathoni alikuwa ameshamwacha humo peke yake miaka kumi na mmoja.

Akaweka mikono yake chini ya ile ya mumewe, akafumba macho. Sauti ilitoka na kutu.

"Baba, ubariki mikono ya Kanyi. Ilibaki wazi hata nilipoikimbia. Amina."

"Amina!" Kanyi alisema kwa nguvu, akashusha pumzi ndefu. Akafungua macho, akamtazama kwa wema. "Umeomba vizuri, mama. Huyo Kanyi ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

"Mwambie tumemwombea."

"Nitamwambia," akasema Gathoni, akamsogezea kijiko.