Tazama Chupa, Usitazame Mkono

Siku aliyolazwa katika Hospitali ya Matlaa, Mejumaa hakuwa na shuka, hakuwa na mto, hakuwa na chandarua. Mume hakuwa naye, alikwisha kumzika. Hakuwa na kaka wa kuja na suti kumsemea, wala binamu katika ofisi yoyote yenye feni. Hata nguvu ya kumfukuza nzi aliyemtua mdomoni hakuwa nayo, kwa kuwa malaria iliyofuata zile mvua za El Nino ilikuwa imemtandika kitandani kama mkeka. Alichokuwa nacho ni mkono wa kulia, na mkono huo mtaa mzima wa Kuze waliujua.

Ndio mkono uliowapaka piko maharusi wa Mji wa Kale. Mejumaa alichovya kijiti katika ile rangi nyeusi, akashusha maua kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, bila kiolezo, bila kufuta, huku akipiga soga na wanawake waliomzunguka. Wakongwe walisema ana mkono mwema, kwamba aliowapaka hawaachiki. Hakuna aliyehakikisha jambo hilo, lakini ndilo lililomlisha.

Matlaa ilikuwa hospitali ya mtu binafsi huko Makadara, orofa tatu, marumaru mlangoni na mabati yenye kutu uani. Mwezi ule wauguzi wa serikali walikuwa wamegoma, na wagonjwa waliimiminikia Matlaa kama maji ya mtaro. Dakta Shukri, mwenye hospitali, alipoona watu wamezidi hakuongeza wauguzi. Aliongeza vitanda. Kwa hilo mji ulimwita mtu mwenye akili.

Muuguzi Janet alikuwa peke yake na wodi mbili. Alidunga mkono wa kushoto, mshipa ukamkimbia. Akadunga tena, ukamkimbia tena. Akahamia nyuma ya kiganja cha kulia, akaisukuma sindano mpaka ikakaa, au ikaonekana kukaa. Aliulaza mkono juu ya kipande cha boksi la sabuni ili usitikisike, akauzungushia bendeji tangu vidoleni hadi karibu na kiwiko, akatundika chupa ya maji yenye dawa ya malaria. Kisha akamgeukia Bimdogo, jirani na shoga wa Mejumaa, aliyemleta.

"Tazama chupa, mama. Usitazame mkono. Maji yakisimama, uniite."

Basi Bimdogo akatazama chupa. Ndivyo Matlaa ilivyoendeshwa. Jamaa wa mgonjwa akiwa na macho mawili, muuguzi wa pili ni wa nini?

Adhuhuri mkono ukaanza kuwaka. Mejumaa alimwambia shoga yake, shoga yake akamfuata Janet, naye Janet akajibu kwa mbali, huku akimgeuza mgonjwa mwingine, kwamba dawa isiyochoma si dawa. Baada ya alasiri maji yakasimama. Janet akaja mbio. Bendeji hakuifungua. Aliuminya mpira kwa nguvu, akaupiga kwa kidole, akaihamisha chupa hadi msumari wa juu zaidi, na maji yakaanza tena kushuka tone kwa tone. Yalikuwa yakienda wapi, hakuuliza. Mshipani hayakuwa yakienda. Yalikuwa yakijaa chini ya ngozi, na dawa ile ikiingia nyamani ni moto.

Hapo ndipo Dakta Shukri alipopita. Alikuwa na wageni wawili waliovaa vizuri, ambao alitaka wamsaidie kujenga orofa ya nne. Mejumaa alimjua, naye alimjua Mejumaa. Binti yake mkubwa alipoolewa ni huyu aliyempaka. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Mejumaa, dadangu, hujambo?"

"Sijambo, Dakta."

"Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi, njema."

Watu wa kule hulelewa hivyo. Mtu aweza kuwa na mkuki kifuani, lakini akisalimiwa mbele ya wageni hujibu kwanza kuwa hajambo. Kisha, akiinamiwa na kuulizwa tena kwa sauti ya chini, ndipo husema panapouma. Dakta Shukri alizaliwa mtaa wa pili. Salamu hiyo aliijua kama alivyolijua jina la mamake, na alijua kwamba baada yake huja swali jingine. Hakuliuliza. Aliandika katika faili kuwa mgonjwa hana malalamiko, akawapeleka wageni kuona mashine mpya.

Bendeji ilifunguliwa asubuhi. Mkono ulikuwa umeumuka kama andazi, na nyuma ya kiganja ngozi ilikuwa nyeusi, yenye malengelenge. Janet aliutazama kwa muda, akaufunga tena. Malaria ilipona. Ngozi ile ilibambuka yote, hata kano nyeupe zikaonekana zikicheza Mejumaa alipojaribu kukunja vidole. Kidonda kilipokuja kufunga, kovu lilikaza likavivuta vidole kinyumenyume, vikabaki vimesimama. Kijiti hakikushikika. Kula alikula kwa mkono wa kushoto, akijifungia ndani kama mwizi. Na walipokuja wenye harusi, walimtazama mkono, wakanywa kahawa yake, wakamwombea afueni, wakaenda kumtafuta mwingine. Mkono uliopata mkosi haumshiki bibi harusi. Hao nao walikuwa watu wa kuswali.

Kulikuwa na tabibu wa kupandikiza ngozi aliyekuja Matlaa mara mojamoja kutoka Nairobi. Aliuona mkono ule, akasema kovu likikatwa na kutiwa ngozi ya pajani mapema, vidole vitakunja. Vikingojewa, viungo vitafunga, na vikifunga basi tena. Lakini ni nani apandishwe meza ya tabibu huyo, hilo lilikuwa shauri la Dakta Shukri.

Bimdogo hakuweza kunyamaza. Alikwenda kwa wakubwa wa afya wa mkoa, akakaa asubuhi nzima kwenye benchi mpaka akasikilizwa. Wakubwa wale hawakuja kuuona mkono. Waliitaka hospitali ijieleze. Ndipo Mejumaa akaitwa ofisini.

Ofisi ilikuwa ya baridi. Karani Dishon alikuwa kwenye mashine ya kupiga chapa, na juu ya meza palikuwa na chai iliyomiminwa katika kikombe chenye mkono mdogo, ambacho Mejumaa hakukigusa. Dakta Shukri alimuuliza hali ya nyumbani. Alimtaja marehemu mumewe kwa kheri. Alizungumza kirefu juu ya ujirani, na jinsi aibu ya mmoja inavyowaingia wote.

"Na mimi nilikuuliza mbele ya watu," akasema mwishowe. "Ukanambia hujambo. Au nimekusingizia?"

"Nilikujibu salamu, Dakta."

"Basi mimi ningejuaje?"

Alisogeza kiti karibu. Siku hizi, akaeleza, piko huchanganywa na madawa makali, na wanawake wachomwa hadi vidonda. Kila mtu amesikia. Hospitali itawajibu wakubwa wa afya kwa barua kwamba mkono uliingia wodini tayari umeunguzwa na piko, na Mejumaa atathibitisha kwa kutia kidole. Jambo likiisha hivyo, kwa wema, tabibu wa Nairobi atamtengeneza vidole bila malipo. Sadaka.

Dishon akaacha kupiga chapa.

"Piko haikunichoma," akasema Mejumaa. "Nikitia alama yangu hapo, nani tena atanipa mwanawe nimpake?"

"Na usipotia utampaka kwa nini? Kwa mguu?"

Dishon alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mejumaa alijitazama vidole. Viwili vilikuwa vimeshaanza kukataa hata kusukumwa kwa mkono mwingine. Alikuwa akivikanda kwa mafuta ya nazi kila alfajiri na alijua kuwa viungo vinafunga. Akasema, "Haya."

Dishon alileta wino. Aliushika mkono wa kulia akajaribu kulilaza gumba, gumba lisilale. Akauachia kama mtu arudishaye samaki mbovu kwa muuzaji, akautaka wa kushoto. Alama ilitoka safi. Mejumaa akauliza aje lini kukatwa, lakini Dakta Shukri alikuwa ameshainua simu na kuwapa mgongo. Dishon ndiye aliyejibu kwamba tabibu amejaa, huenda baada ya Ramadhani, ataitwa. Maulidi yenyewe yalikuwa hayajasomwa, na kutoka Maulidi hadi Ramadhani ni karibu nusu mwaka.

Dishon aliikunja barua, akaitia bahasha, akalamba gundi, akakunja uso kwa ladha yake na kuibana kwa ngumi. Akagonga muhuri wa hospitali juu ya mkunjo, kisha akabandika stampu.

"Wapita posta, mama? Basi tutilie, utupunguzie safari."

Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akashuka nayo hadi posta, jua likimpiga utosini. Mbele ya sanduku alisimama. Bwana mmoja nyuma yake, mwenye bahasha zake kwapani, akamuuliza kwa adabu, bibi, watia au hutii?

Mejumaa akaitia. Ikasikika ikiangukia juu ya nyingine.