Mlingoti wa Kisiwani

Fundi wa kuchomea vyuma alipoletewa kazi ya mlingoti wa bendera wa kule kisiwani, aliuliza jambo moja tu: nani atakwenda kuusimamisha?

"Wewe mwenyewe, fundi," afande alimjibu. "Sisi tunajua vyuma?"

Akakubali, ingawa roho ilikataa. Mwaka ulikuwa umekatika tangu amzike mkewe kisiwani kule, na raia hawakuruhusiwa tena kukanyaga. Mama watoto alikuwa amezidiwa. Hospitali ya karibu iko ng'ambo, nchi ya jirani, na siku zote watu walivuka bila maneno. Siku hiyo wakubwa wa pande zote mbili waliamka wakikitaka kisiwa. Askari wa ng'ambo wakawazuia kwenda mbele, wa huku wakawazuia kurudi. Boti ikatia nanga kisiwani kungoja ruhusa. Ruhusa ilipofika, mwili wa mwenzake ulikuwa umeshapoa. Akamzika palepale, kwenye kipande pekee chenye udongo. Kwingine kote ni jabali tupu.

Na wakubwa? Wakakutana hotelini, wakala, wakanywa, wakapigwa picha meno yote nje.

Safari hii alivuka na askari, mlingoti umelala kati yao.

"Kisiwa chenyewe ukipiga chafya uko majini!" mmoja alisema.

"Usikidharau. Wanasema chini kuna gesi."

"Gesi wanayo matumboni mwao," fundi alisema. Wakacheka mpaka afande akakohoa.

Walipofika, macho yake yalikimbilia kaburini. Mawe aliyolizungushia hayakuwapo. Yalikuwa yamefanywa mafiga, yameungua meusi. Afande alikuwa amesimama palepale, anapigapiga ardhi kwa kisigino.

"Chimbeni hapa. Pamelainika, kama pameshachimbwa."

"Pamechimbwa, afande. Nilichimba mimi. Mke wangu amelala hapo."

Askari mmoja akavua kofia. Afande akatazama baharini.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini kesho waziri anakuja na wapiga picha wake, na mashine ya kutoboa mwamba hatuna. Hii si amri yangu."

"Ya nani?"

"Imetoka juu."

"Huko juu hawafiwi?"

Afande akatikisa kichwa kumwelekea mwenye jembe. Jembe liliponyanyuka, fundi akaudaka mpini.

"Lete hapa. Huyu hafukuliwi na mtu asiyemjua."

Akalitupa jembe kando, akapiga magoti upande wa miguuni, akachimba kwa mikono, polepole, kama mtu anayepapasa kitandani gizani asimwamshe mwenzake. Alichimba mpaka kidole kikagusa uzi wa blanketi, lile alilomfunika kwenye boti. Akaufunika haraka kwa kiganja.

"Bado, mzee. Hilo shimo halina kina," afande alisema.

"Linatosha."

"Upepo utauangusha."

"Linatosha, afande! Mtoto wangu, nakuomba."

Afande akainamisha kichwa. "Haya. Simamisheni."

Mlingoti ukasimama, bendera ikapanda, askari wakapiga saluti na kugongesha buti zao. Fundi alikuwa bado magotini, anashindilia udongo kwa viganja, midomo karibu na ardhi.

"Nisamehe, mama," alinong'ona. "Wanasema sasa hapa ni kwetu."