Ada ya Wenyeji

Mzee Mansour alikuwa na jibu moja kwa kila Mwingereza aliyemuuliza makazi yake: yeye mpita njia tu. Alilisema akiwa Kilburn, mtaa wa London, katika nyumba ya kupanga aliyohamia tangu binti yake Ghalia hajaanza kutambaa. Karatasi za ukaazi alikuwa nazo, lakini juu ya kabati kulikuwa na sanduku la nguo za kurudia Unguja, na safari kila mwaka ilikuwa ya mwakani.

Jibu hilo lilimponza Ghalia. Alitaka shahada ya mipango ya matumizi ya ardhi, ile elimu ya kuamua nyumba zijengwe wapi na wapi paachwe wazi. Katika chuo cha kwanza karani aliuliza kama wao ni wakaazi, na mzee, kama kawaida ya baba zetu, akawahi kumjibia mwanawe: wanapita tu. Wakatajiwa ada ya wageni, ada ya mtu kuuza nyumba, nao nyumba hawana. Ghalia hakulelewa kumkosoa baba yake mbele za watu. Alirudi kwenye ukarani wake wa kaunsili, halmashauri ya mtaa, akakaa miaka miwili na donge moyoni.

Mwaka 2001 mwenzake wa kazini, Philemon, Mkenya, alimweleza habari za chuo anachosoma yeye. Hakina jina kubwa, lakini unasoma siku moja kwa wiki na siku zilizobaki unafanya kazi yako.

"Digrii yenyewe inatambuliwa sawa na za wale wakubwa," alisema. "Na fees ni kidogo, bora wakuandike mwenyeji."

Siku ya kutembelea chuo mzee akasema hawezi kumwachia binti aende peke yake. Ghalia alijua imekwisha.

Mlangoni mwa ukumbi Philemon aliwapokea. Ukuta mzima ulikuwa ramani ya London. Mzee alipita kwa dharau zake, kisha akasimama. Akatafuta Kilburn, akafuata barabara yao kwa kidole, akafika kwenye kijumba kilichochorwa na mti mbele yake.

"Ghalia," alisema taratibu, "hii si nyumba yetu? Na mti wetu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hii rangi ya kijani?"

"Hiyo ni bustani, mzee," Philemon akajibu. "Haijakuwa bado. Ni mpango wa miaka ishirini."

"Miaka ishirini." Mzee alivua kofia akaishika mkononi. Yeye hajawahi kupanga zaidi ya mwakani, na hawa watu wasiomjua wameshampangia kivuli cha kukaa uzeeni. Alisimama pale mpaka Ghalia akaona haya.

Kwenye meza karani aliuliza swali lilelile. Mzee akafungua kinywa, Ghalia akainamisha macho.

"We live here," alisema mzee. Kisha akamgeukia Ghalia kwa Kiswahili: "Mwambie tangu lini, mwanangu. Mimi nitakosea."

Jioni ile alipanda kiti akateremsha sanduku. Kanzu zote zilikuwa zimeingia manjano kwenye mikunjo. Alizitundika kabatini moja moja, akamsukumia Ghalia sanduku tupu kwa ajili ya vitabu vyake.